Rilei za trimu ya injini ya boti: soma namba ndogo kabla ya kulipa

Injini ya boti yangu ilikubali kushuka ikagoma kupanda, nikiwa Chole, kisiwa kidogo jirani na Mafia, na maji yanakupwa. Nilikuwa nimefunga upya nyaya za trimu, yaani mota inayoinua na kushusha injini, kwa rilei mbili za gari (swichi zinazoendeshwa na koili ya umeme) zilizoandikwa ampea 40. Nilibadilisha rilei ya kupandishia. Mpya nayo ikagonga vizuri, lakini injini haikusogea. Kumbe iliyoungua ni ya kushushia, ambayo nilidhani kwamba wakati wa kupandisha haina kazi.

Mota ya trimu yenye waya mbili, ambazo kwenye Yamaha nyingi ni buluu na kijani, hugeuzwa mwelekeo kwa rilei mbili za pini tano: pini 30 huenda kwenye mota, 87 kwenye chanya ya betri na 87a kwenye hasi. Rilei moja inapovuta, yaani koili yake ikipata umeme, umeme huingia kwenye mota kupitia 87 yake na kurudi kwenye betri kupitia 87a ya mwenzake aliyelala, ambaye koili yake haina umeme, kwa hiyo rilei isiyogonga hubeba mzigo uleule. Tatizo ni kwamba 87a hushikiliwa na springi tu, haibanwi na sumaku ya koili, na ndiyo maana watengenezaji makini huandika namba mbili, kwa mfano 20/40, ile ndogo ikiwa ya 87a. Wauzaji wetu hutaja ile kubwa tu. Pima kwanza kwa klampu mita, mita inayozungushiwa waya bila kuukata, umeme unaotumiwa na mota injini inapopanda, kisha ulinganishe na namba ndogo.

Sifichi kwamba ninaipendelea rilei halisi ya Yamaha. Ni kipande kimoja chenye njia zote mbili, kimefungwa dhidi ya maji ya chumvi, na kimetengenezwa kwa kazi hii hasa. Bei yake inaumiza: niliyotajiwa ilizidi mara kadhaa ya rilei mbili nzuri za gari, na bado mnunuzi anapaswa kuchunguza kama boksi lenye nembo limebeba kitu halisi.

Chaguo langu la pili ni rilei ya gari ya Hella ya 20/40, aina iliyozibwa isiingize maji, ikiwa mota yako haizidi uwezo wa 87a. Bosch ya 20/30 inafuata. Ni imara, lakini ile ya kawaida imekusudiwa mahali pakavu, na chini ya kifuniko cha injini ya boti pini zake huota kutu ya kijani upesi. Zisizo na jina ziache.

Mota ya waya tatu ni habari nyingine, kwa kuwa kila mwelekeo una koili zake ndani ya mota na rilei za kuwasha na kuzima zinatosha.

Dukani, gusa pini 30 na 87a kwa mita: rilei ikiwa imelala, lazima umeme upite. Usipopita, huenda pini ya kati ni 87 ya pili na rilei hiyo haifai hata kidogo. Muuzaji wangu alikataa nisifungue pakiti, akisema rilei zote ni sawa, na nilipomrudishia ile iliyoungua alinionyesha kibao ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.