Njia ya Marangu, Kilimanjaro: Malazi Mazuri, Ratiba ya Kuangaliwa

Kati ya njia zote za kupandia Mlima Kilimanjaro, Marangu ndiyo pekee inayomlaza mpandaji ndani ya nyumba yenye paa, kitanda na godoro. Machame, Lemosho, Rongai, Umbwe na ile inayozunguka upande wa kaskazini zote ni za mahema. Kwa sababu hiyo Marangu imebandikwa majina ya kuibeza, likiwamo lile la "njia ya Coca-Cola", na Watanzania wengi wanaopanda kwa mara ya kwanza, hasa makundi ya Desemba yanayokwenda kuadhimisha Uhuru kileleni, huichagua wakiamini kwamba ndiyo rahisi. Tathmini hii inahusu huduma za njia hiyo: njia yenyewe, malazi, maji, umeme, mawasiliano na uokoaji. Niseme mapema kwamba kwa huduma ninaipa alama za juu kuliko njia nyingine yoyote ndani ya hifadhi. Hata hivyo, ratiba ya siku tano, ambayo kampuni nyingi bado zinaiuza, siwezi kumshauri mtu yeyote ninayemtakia mema ainunue.

Safari huanzia kwenye lango la Marangu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,870, na hapo ndipo subira inapohitajika kwanza. Kila mpandaji husajiliwa, na raia wa Afrika Mashariki wanaolipa ada nafuu kwa shilingi sharti waonyeshe kitambulisho cha taifa au pasipoti, kwa hiyo asiyebeba kitambulisho asilaumu mtu. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na ni busara kampuni ikamilishe jambo hilo mjini Moshi kabla ya siku ya safari. Hakuna anayeruhusiwa kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, na jina la mpandaji huandikwa tena kwenye daftari la kila kituo. Wengine hulalamikia daftari hilo kama usumbufu. Mimi naliona kuwa chombo cha usalama, maana mtu asipoonekana jioni, daftari ndilo linaloonyesha alipita wapi mara ya mwisho na utafutaji uanzie wapi.

Getini pia kuna ubao wa maelekezo ambao ningependa kila mtu ausome taratibu kabla ya kupiga picha mbele yake. Unasema kwamba mwenye mafua, maumivu ya koo au shida ya kupumua asipite mita 3,000. Kwamba watoto wa chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kuvuka kimo hicho. Na kwamba mpandaji anywe lita nne hadi tano za vinywaji kwa siku. Ni sentensi chache zilizonyooka, na zimebeba sehemu kubwa ya elimu ambayo mtu huja kuitafuta hospitalini akiwa amechelewa.

Kutoka getini hadi Mandara, kituo cha kwanza cha kulala, ni kilometa kama nane ndani ya msitu, na njia imetengenezwa vizuri: ina mifereji ya kupitisha maji, madaraja ya mbao juu ya vijito, na ngazi mahali penye mteremko mkali. Sehemu ya mwanzo wapagazi wana njia yao, kwa hiyo mtu mwenye mzigo wa kilo 20 kichwani halazimiki kupishana na mgeni anayetazama mbega. Kisambioni, katikati ya safari, ni mahali pa kupumzikia na kula. Msituni mvua haina miadi, hata nje ya msimu wa masika, na koti la mvua lililofungiwa ndani ya mzigo wa mpagazi aliyekwishatangulia halimsaidii mwenyewe kwa lolote. Litunzwe kwenye begi la mgongoni.

Mandara, kwenye mita 2,720, na Horombo, kwenye mita 3,720, ndivyo vituo vinavyoipa njia hii heshima yake. Vibanda ni vya mbao, vyenye paa lililoshuka pande mbili karibu hadi chini ili maji ya mvua yateleze haraka, na vilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Norwei. Ndani kuna vitanda vichache vyenye magodoro yaliyofunikwa kwa plastiki ngumu, dirisha dogo, na taa inayotumia umeme wa jua. Taa hiyo ni ya kuonea tu. Hakuna kipasha joto, na mtu asitegemee kuchaji simu chumbani, kwa hiyo betri ya akiba ni lazima, na usiku ilazwe ndani ya mfuko wa kulalia, kwani baridi huimaliza nguvu hata isipotumika. Ukumbi wa chakula ni mkubwa, wa pamoja, na hapo ndipo utakapoonja faida ya njia hii kuliko mahali pengine: unakula supu yako umekaa mezani, nguo zimekauka, upepo ukiwa nje. Wenzako wa Machame saa hiyo hiyo wanashikilia nguzo za hema.

Horombo ndicho kituo chenye shughuli nyingi zaidi, kwa sababu kinapokea wanaopanda, wanaopumzika siku ya pili na wanaoshuka kutoka kileleni. Maji yapo. Vyoo vipo, vingine vya kuvuta kwa maji, na usafi wake hutegemea wingi wa watu siku hiyo. Anayekwenda na makundi ya Desemba ajue kwamba atabanana. Maji ya bombani yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakionekana maangavu kama kioo. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi, kwa hiyo beba chupa imara za kudumu zenye jumla ya lita tatu angalau.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua. Hesabu ya njia hii ni rahisi kuikumbuka: Mandara hadi Horombo ni mita 1,000 za kupanda, Horombo hadi Kibo, kituo cha mwisho cha kulala, ni mita 1,000 nyingine, na kutoka Kibo, kwenye mita 4,720, hadi kilele cha Uhuru, kwenye mita 5,895, ni mita 1,175 zinazopandwa usiku mmoja. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukivuka mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Marangu inaongeza maradufu ya kiwango hicho mara mbili mfululizo. Kileleni shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani, na mwili hauna njia ya mkato ya kulizoea: unahitaji muda. Hii ndiyo sababu njia inayoitwa rahisi huwarudisha watu wengi kabla ya kilele, wakiwamo vijana wenye misuli ambao walipanda Mandara wakikimbia.

Dawa ya tatizo hili ipo ndani ya njia yenyewe, nayo ni usiku wa pili Horombo. Katika ratiba ya siku sita, siku ya tatu hutumika kupanda kuelekea Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huu, kupita Miamba ya Pundamilia ambayo mistari yake myeusi na myeupe imechorwa na maji yanayotiririka juu ya jiwe, kisha kushuka na kulala pale pale. Unapanda juu, unalala chini. Siku hiyo moja hubadilisha safari nzima: kichwa kinachogonga jioni ya kwanza Horombo mara nyingi huwa kimetulia kufikia jioni ya pili, na chakula huanza tena kupita kooni. Gharama yake ni ada ya siku moja ya ziada pamoja na posho ya timu. Ningefurahi sana siku sita zikifanywa kuwa ratiba ya kawaida, na anayetaka tano alazimike kuiomba kwa maandishi.

Kibo ni habari nyingine. Ukishapita chanzo cha mwisho cha maji juu ya Horombo, unaingia kwenye uwanda mkavu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, hakuna mti wala kichaka cha kujikinga, na upepo unavuma upande mmoja wa uso kwa saa nzima. Kituo cha Kibo kimejengwa kwa mawe, wageni hulala kwenye vyumba vya pamoja, na hakina maji. Kila tone linalopikiwa, kunywewa na kunawia limebebwa na wapagazi kwa madumu kutoka chini. Siihesabu hali hiyo kuwa upungufu wa hifadhi, kwa kuwa mlima wenyewe ndio mkavu. Inamtaka mgeni ajaze chupa zake zote pale kwenye chanzo cha mwisho, na akifika juu asitumie maji ya wenzake kuoshea viatu.

Kutoka Kibo watu huondoka karibu saa sita usiku, kwa sababu changarawe iliyoganda hukanyagika vizuri kuliko ile iliyolegezwa na jua. Njia ni ya kona kona, inapita Pango la Hans Meyer kwenye mita 5,150 hivi, kisha inafika Gilman kwenye ukingo wa kreta. Yapo mambo mawili madogo ambayo sijayaona kwenye vipeperushi vya kampuni. La kwanza, beba chupa ya maji ikiwa imepinduliwa mdomo chini, kwani barafu huanza kujiunda juu, na mdomo utabaki wazi. Mirija ya kunywea huganda mapema sana. La pili, badilisha betri za tochi ya kichwani Kibo ukiwa ndani, kwenye mwanga, maana vidole vilivyokufa ganzi havifungui kitu. Anayefika Gilman hupewa cheti chake, na kwa mtu aliyechoka kupita kiasi hapo panatosha kabisa. Ukingoni hadi Uhuru bado kuna saa moja na nusu au mbili, na baada ya hapo utashuka hadi Horombo siku hiyo hiyo, mita 2,175 kwenda chini kwa magoti yale yale.

Kwa upande wa uokoaji, Marangu ina faida ya wazi. Machela za gurudumu moja zipo, njia ni pana kiasi cha kuzipitisha, na barabara ya huduma ya Kilema huwezesha gari kufika Horombo, kwa hiyo mgonjwa aliyeshushwa hadi hapo anaweza kuendelea kwa gari kuelekea hospitali, ikiwamo KCMC mjini Moshi. Helikopta zipo pia, lakini huruka pale hali ya hewa inaporuhusu, na gharama yake hubebwa na bima. Hakikisha bima yako inataja kwa maneno kimo cha hadi mita 6,000. Ukizilinganisha njia kwa hatari ya mawe, Marangu haina kitu kama ile sehemu ya upande wa magharibi ambako mwaka 2006 mawe yaliporomoka na kuua wapandaji watatu kutoka Marekani.

Hata hivyo, mwokoaji wa kwanza ni mwongozaji wako, tena tiba ya kwanza ni kushuka. Mtu anayeyumba kama amelewa, anayejibu maswali ovyo, anayehema akiwa amekaa au anayekohoa mate yenye povu ashushwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane, hata kama amebakiza hatua chache. Kipimo chepesi ni kumtembeza kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma. Akishindwa, mjadala umekwisha. Kabla ya kulipa, iulize kampuni kama mwongozaji atabeba kipima oksijeni cha kidoleni na mtungi wa oksijeni, na uombe kuviona.

Mawasiliano yameimarika. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilizinduliwa Horombo kupitia TTCL, shirika la simu la Serikali, na kabla mwaka haujaisha ikafikishwa kileleni. Wako wanaosema imeondoa utulivu wa mlima. Kwangu, mwongozaji anayeweza kuita gari la wagonjwa bila kumtuma mtu mbio kwenda chini ni maendeleo ya kweli. Mlima huu unajua pia balaa la moto: ule wa Oktoba 2020 ulianzia eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, na maelezo ya awali ya TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, yaliutaja moto uliowashwa kupasha chakula cha wageni. Kikundi chako kikitaka kuwasha jiko nje ya mahali palipotengwa, kataeni.

Lalamiko langu ni kwa kampuni moja iliyonikodisha mfuko wa kulalia ambao zipu yake ilikuwa imekufa kuanzia gotini, jambo nililoligundua Horombo wakati baridi imekwishaingia. Mpishi aliushona kwa uzi wa gunia akaniokoa. Vifaa vya kukodi vifunguliwe vyote Moshi, zipu ivutwe mwanzo hadi mwisho, viatu vivaliwe na soksi zile utakazotumia. Vilevile waangalie wapagazi wako getini: kama wana viatu vya maana na makoti, kampuni hiyo huenda itakujali na wewe.

Anayepanda kwa ajili ya mandhari na mwenye siku saba au nane achague Lemosho. Mwenye umri mkubwa, anayeogopa kulala kwenye hema, anayepanda wakati wa mvua, au mwenye mzazi nyumbani anayetaka kupigiwa simu kila jioni, achukue Marangu, na kwenye fomu ya kuagiza safari aandike siku sita.