Glavu za kubana kwa mwenye baridi yabisi: maoni yangu baada ya miezi mitano

Niliingia katika duka la vifaa tiba huko Kariakoo mwezi Januari, siku ya nne tangu baridi yabisi inichachamae. Vifundo vya vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimevimba na kupata joto, pete yangu ilikuwa imevuliwa kwa sabuni, na asubuhi ile ilipita zaidi ya saa moja na nusu kabla vidole havijakubali kushika kijiko. Muuzaji aliniwekea mbele pakiti ya glavu nyeusi zilizokatwa ncha za vidole, zilizofumwa kwa pamba na uzi unaonyumbuka, ambazo alidai zimechanganywa na nyuzi za shaba. "Mama, ukizivaa hizi wiki mbili tu, hata vidonge utapunguza," akaniambia. Nililipa shilingi 38,000.

Nianze na yale yanayostahili sifa. Zinabana kwa upole na kuhifadhi joto, na usiku ule wa kwanza nililala hadi alfajiri, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa siku tatu. Kwa kuwa ncha za vidole ziko wazi, ninaweza kushika chaki, kuhesabu nauli ndani ya daladala na hata kumenya vitunguu bila kuzivua. Zinafuliwa kwa mkono, zinakauka kivulini kwa muda mfupi, na rangi haijachuja.

Hata hivyo, faraja ni kitu kimoja na tiba ni kingine, na hapo ndipo maneno ya muuzaji yanapozidi bidhaa yake. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huushambulia utando laini unaozunguka kiungo kwa ndani. Utando huo huvimba, hujaza maji, na ukiachwa hivyo kwa muda mrefu huanza kula gegedu na mfupa. Kitambaa kinachobana ngozi hakina namna ya kuifikia kinga ya mwili. Mwaka 2021 kulichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Uingereza kwa wagonjwa 206 wenye maumivu ya mikono, ambapo nusu walipewa glavu za kubana na nusu glavu zilizolegea. Baada ya wiki 12 hapakuwa na tofauti ya maana ya maumivu kati ya makundi hayo mawili. Niliyasoma hayo nikiwa nimekwisha kuzinunua, na nakiri kwamba yanalingana na hali yangu: uvimbe haukupungua hata kidogo kwa sababu ya glavu.

Kuhusu shaba nitasema machache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York waliwahi kuwajaribu wagonjwa 70 kwa bangili za shaba, na katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2013 bangili hizo hazikuonyesha faida yoyote ya maana juu ya ile ya bangili bandia. Sioni sababu ya shaba kufanya vizuri zaidi ikiwa uzi wa glavu.

Nashuku kwamba jina la ugonjwa wenyewe ndilo linalowasaidia wauzaji. Tunaposema baridi yabisi, msikilizaji husikia baridi, na dawa ya baridi ni joto. Shemeji zangu walikata shauri kwamba nilipigwa na baridi ya Marangu tulipokwenda kula Krismasi, ilhali ugonjwa ulinichachamalia Dar es Salaam, feni ikizunguka usiku kucha. Baridi huweza kuongeza ukakamavu, lakini haileti ugonjwa huu. Kilichotokea Marangu ni kwamba nilisahau nyumbani methotrekseti, vidonge vyangu vya kuituliza kinga ya mwili, nami huimeza mara moja kwa wiki, kila Ijumaa, na Ijumaa tatu zikapita bila dozi.

Kwa hiyo ushauri wa kupunguza vidonge, aliopewa mtu ambaye viungo vyake vimevimba kwa kukosa vidonge, ndio kasoro kubwa kuliko zote katika huduma ya duka lile. Wala dozi zilizopotea hazifidiwi kwa kumeza kila siku: methotrekseti ya kila siku huweza kuua, na ndiyo maana daktari huandika siku ya wiki kwenye karatasi na kupima damu na ini mara kwa mara. Mimi nilirudi kliniki, nikaanzishiwa upya dozi ya Ijumaa na kupewa prednisoloni, dawa ya kushusha uvimbe haraka, kwa muda mfupi, na uvimbe ukashuka ndani ya siku chache. Nyumbani niliviweka viungo vyenye moto kwenye barafu iliyofungwa taulo, nikaacha kubeba ndoo, na kila jioni nikakunja na kukunjua vidole taratibu ili visigande. Aliyepata homa huku kiungo kimoja pekee kimevimba na kuwa chekundu asinunue glavu wala asingoje kesho. Hiyo huenda ni maambukizi ndani ya kiungo, na ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Atakayezinunua kwa ajili ya usingizi na joto apime kwa utepe mzunguko wa kiganja mkono ukiwa umevimba. Mimi nilipewa saizi ya kati kwa kutazamwa tu, na usiku wa tatu niliamka vidole viwili vimekufa ganzi. Nilipozirudisha kubadilisha nilijibiwa kwamba pakiti ikifunguliwa hairudi, na mshono wa gumba la kulia ulifumuka mwezi wa tatu. Nyota mbili kati ya tano: moja ya usingizi, moja ya ncha zilizo wazi. Jozi iliyobaki nimempa binti yangu, ambaye mikono yake ni myembamba, naye huivaa anapoendesha baiskeli.