Unga wa gome la slippery elm: unatuliza nini, na nani asiunywe

Karibuni watazamaji. Leo mezani nina gome la mti uitwao slippery elm, kwa aina tatu: unga, kapsuli na vidonge vya kumung'unya. Naanza na unga, na mtaona kwa nini.

Tazameni hapa. Kijiko kimoja cha unga, maji baridi kidogo, nakoroga mpaka iwe rojo. Sasa ndipo naongeza maji ya moto, kidogo kidogo. Ukiyamwaga yote kwa mara moja, unga unashikana mabonge, na kuyavunja ni kazi. Haya, nainua kijiko. Mnaona unavyovutika kama bamia? Huo uteute ndio dawa yenyewe.

Unatoka kwenye gome la ndani la mti ambao jina lake la kisayansi ni Ulmus rubra, unaoota mashariki mwa Amerika ya Kaskazini. Wenyeji wa kule, wakiwemo Wacherokee, wamelitumia tangu zamani kwa koo na tumbo, na pia kulibandika juu ya vidonda na majipu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inalikubali gome hili kama kitulizaji cha koo linalowasha.

Sikilizeni vizuri neno hilo, kitulizaji. Uteute unatandaza utando juu ya sehemu iliyochubuka, mate na chakula vikipita havikwaruzi sana. Hauui vijidudu. Kwa hiyo ni lazima uguse panapouma, na hapo ndipo kapsuli inaponikatisha tamaa: inapita kooni ikiwa imefungwa, inafunguka tumboni. Kwa koo, msinunue kapsuli. Vidonge vya kumung'unya vinafaa, ila someni kiasi cha gome kwanza, maana vingine ni sukari zaidi kuliko dawa.

Kwa kiungulia na matumbo yanayosumbua, wengi wanausifu, na jinsi unavyofanya kazi naielewa. Lakini utafiti kwa binadamu ni mchache, na mara nyingine gome limechanganywa na mimea mingine, huwezi kujua kipi kilisaidia. Ukishindwa kumeza, ukitapika damu, au ukikonda bila sababu, weka kikombe chini uende hospitali.

Na hili linaniuma. Kuna chai iitwayo Essiac, iliyoenezwa Kanada na muuguzi Rene Caisse tangu miaka ya 1920, na gome hili limo ndani yake. Inanadiwa kwa wagonjwa wa saratani. Haijathibitishwa kutibu saratani. Tafadhali, mgonjwa wako asiache matibabu kwa ajili yake.

Usalama sasa. Utando ule ule unaotuliza unaweza kuchelewesha dawa nyingine kufyonzwa mwilini. Kama unameza dawa za kila siku, acha saa mbili hivi katikati, na muulize mfamasia wako. Kunywa na maji ya kutosha, kwa sababu unga huu unavimba. Ukitokwa na vipele, acha.

Mama mjamzito, huu upite. Zamani vijiti vya gome hili viliingizwa kwenye mlango wa kizazi ili kutoa mimba, vikavimba humo, vikaleta maambukizi na vifo. Kunywa unga si jambo lile, lakini usalama wake kwa mimba haujachunguzwa vya kutosha, na kuna vinywaji vingine vya kutuliza koo.

Kwenye lebo tafuteni maneno mawili: jina la Ulmus rubra, na kwamba ni gome la ndani. Gome la nje silo mnalolitaka. Halafu ulizeni lilikovunwa. Mti ukichunwa gome kuzunguka shina lote unakufa, na miti hii tayari inaangamizwa na ugonjwa wa kuvu unaosambazwa na mbawakawa. Muuzaji asiyejua gome lake limetoka wapi, mimi simnunulii.