Darasa la Historia la Jumamosi, Kirumba: Ada Yake Inastahili

Kwa Jumamosi nne nimehudhuria darasa la historia linalofanyika katika chumba kidogo cha kusomea vitabu hapa Kirumba, Mwanza, kuhusu namna ukoloni ulivyobadili dini, hadhi ya wanawake na mazingira kusini mwa Afrika. Ada ni shilingi 20,000, chai na mihogo ikiwemo, nami sioni kuwa nilipunjwa.

Somo la dini ndilo lililonirudisha wiki ya pili. Mwalimu alianza na neno moja tu, badimo, ambalo kwa Watswana ni wahenga waliotangulia na ambao bado wanawaangalia jamaa zao. Mmisionari Robert Moffat, aliyekamilisha Biblia ya Kitswana mwaka 1857, alilitumia kumaanisha pepo, kwa hiyo msomaji wa Injili akamkuta Yesu akiwafukuza mababu zake. Mzee mmoja wa Kisukuma akauliza, "Mwalimu, na masamva wetu je?" akimaanisha mizimu ya mababu wa Kisukuma. Mjadala uliofuata ulidumu hadi chai ikapoa.

Kuhusu wanawake, tulisomeshwa Kanuni ya Sheria za Wenyeji ya mwaka 1891 ya Natal, koloni la Waingereza katika Afrika Kusini ya leo, iliyomhesabu mwanamke kuwa mtoto mbele ya sheria hata akiwa na wajukuu, na Sheria ya Glen Grey ya 1894, ambayo Cecil Rhodes, waziri mkuu wa Koloni la Rasi (Cape) wakati huo, aliisukuma mbele, iliyotaka shamba lirithiwe na mwana wa kiume mmoja huku ikiwatoza kodi wanaume wasiotoka kwenda vibaruani. Hapo nilielewa kwa nini mwalimu hupenda kuuliza ni nani aliyehojiwa kabla ya jambo kuandikwa kuwa ni "mila".

Somo la mazingira lilipwaya. Umeme ulikatika, ramani hazikuonekana, na sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliopita huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1890 kabla ya kuvuka Zambezi mwaka 1896 na kuangamiza ng'ombe wengi mno kule kusini, ulipewa dakika kumi tu. Kwa wafugaji wa Kanda ya Ziwa hilo lilistahili Jumamosi nzima, tena bila haja ya ramani, kwa kuwa nusu ya waliokuwepo wamekulia zizini.

Anayetaka kujiunga afike kabla ya saa nne asubuhi. Viti vyenye egemeo ni sita tu, wengine hukaa kwenye mabenchi.