Oveni ya Mkaa ya Fundi wa Bati: Nimeipima kwa Biskuti za Siagi Mtwara

Mwezi Novemba nilinunua oveni ya mkaa kwa fundi wa bati mwenye kibanda karibu na Soko Kuu la Mtwara, kwa shilingi 90,000, na tangu siku hiyo haijapita wiki bila kuoka. Nimeamua kuiandikia tathmini kwa sababu majirani zangu wa Shangani wamekuwa wakiniuliza kama inafaa, na kumjibu mtu "inafaa" peke yake hakumsaidii anapotaka kutoa fedha zake. Kipimo nilichotumia ni kimoja tangu mwanzo: biskuti za siagi, zile zenye asili ya Uskoti ambazo kwa Kiingereza huitwa shotibredi, nikizioka kwanza bila kiungo chochote na baadaye kwa ladha za huku kwetu Kusini.

Biskuti hizo nilizichagua kwa makusudi. Keki ina mayai, maziwa na beking pauda, na vitu hivyo huweza kuficha udhaifu wa jiko. Biskuti ya siagi ina sukari, siagi na unga wa ngano, kwa uwiano wa moja, mbili na tatu kwa uzito. Mimi hupima gramu 100 za sukari iliyosagwa, gramu 200 za siagi na gramu 300 za unga, pamoja na chumvi ya kubana kwa vidole. Hakuna cha kuumua wala cha kupamba. Inatakiwa iive taratibu katika joto la nyuzi 150 hadi 160 za Selsiasi, itoke na rangi ya mchanga mkavu, na ikiingia mdomoni imong'onyoke yenyewe. Joto likizidi upande mmoja, upande huo huungua kabla ya katikati kukauka, na macho huliona kosa hilo papo hapo.

Oveni yenyewe ni sanduku la bati zito lenye kuta mbili, na katikati ya kuta hizo fundi amejaza majivu ili joto lisipotee. Chini kuna droo ya mkaa, juu kuna sinia pana la mkaa, na ndani mna nafasi ya trei mbili ndogo. Kuta ziko imara, maungio hayana ncha za kukata mkono, na baada ya miezi minne ya matumizi sijaona bati likipinda. Kwa kazi ya mikono iliyofanywa kwa nyundo na mkasi wa bati, ninampa fundi huyo heshima yake yote.

"Dada, jiko hili usilikimbize," alinionya siku nilipokwenda kulichukua, nami sikumsikiliza.

Trei ya kwanza iliungua chini huku juu ikiwa nyeupe kama unga mbichi. Nilikuwa nimejaza droo ya chini kama ninavyojaza jiko la kupikia wali, kumbe kwenye oveni ya namna hii mkaa mwingi hukaa juu na kidogo tu chini. Nilipopata kipimajoto cha oveni kutoka Kariakoo niliona chini panafika nyuzi 220 wakati biskuti zangu zinahitaji 160. Baada ya majaribio mengi nimefikia kanuni inayonifaa: vipande 8 vya mkaa uliokwisha kushika moto chini, vipande kama 20 juu, na kwenye sakafu ya oveni tabaka la mchanga lenye unene wa vidole viwili, jinsi mama zetu wanavyooka keki ndani ya sufuria. Mchanga huo nimeuosha mara kadhaa kwa maji baridi na kuuanika, kwa sababu mchanga wa ufukweni una chumvi inayokula bati. Tangu niuweke, rangi ya chini na ya juu zinakaribiana, na biskuti zenye unene wa sentimita moja huiva kwa dakika 30. Vifuu vya nazi sivitumii tena kwa kazi hii, kwani huwaka kwa nguvu na kuisha haraka, na joto hupanda na kushuka.

Tatizo lililofuata halikuwa la oveni, lakini anayeoka Mtwara lazima alijue. Siagi huyeyuka karibu nyuzi 32 hadi 35, na jikoni mwangu mchana wa Februari, mkaa ukiwa pembeni, joto linafika huko bila shida. Siagi ikishayeyuka kabla ya kuchanganywa, maji yaliyomo ndani yake hujitenga na mafuta, huufikia unga na kujenga gluteni, yaani ule mnato wa protini ya ngano ambao ndio hufanya kitu kilichookwa kiwe kigumu na cha kuvutika. Biskuti hutandaa kwenye trei, mafuta huchuruzika, na zikipoa hukaa kama kipande cha kigae. Kwa hiyo mimi huchanganya alfajiri, saa kumi na moja, kabla jua halijapanda. Siagi naitoa kwenye friji ikiwa ngumu, naikata vipande vidogo, naifikicha na unga kwa ncha za vidole hadi ifanane na chenga za mkate, kisha naibana pamoja bila kuikanda. Donge nalirudisha kwenye friji kwa nusu saa. Baada ya hapo nalibonyeza kwenye trei, natoboa matundu kwa uma ili mvuke utoke, na ninakata vipande mara tu biskuti zinapotoka motoni, kwa kuwa zikipoa huvunjika ovyo.

Wengi huku hutumia majarini badala ya siagi kwa sababu ni rahisi kupatikana na haiyeyuki upesi. Nimeijaribu. Biskuti zake zinasimama vizuri na zina sura nzuri, lakini ladha ya maziwa haipo, na katika chakula chenye vitu vitatu ladha hiyo ndiyo kila kitu. Kama huna budi kuitumia, soma pakiti na uchague yenye mafuta yasiyopungua asilimia 80, maana zile laini za kupaka mkate mara nyingi zina maji mengi na biskuti hutoka ngumu.

Sasa nifike kwenye ladha, ambako oveni hii imenipa furaha kubwa.

Korosho ndiyo ya kwanza, nami sioni haya kusema kwamba naipendelea kwa kuwa nimekulia humu. Mkoa wetu unaongoza nchini kwa zao hili, lakini biskuti nyingi za dukani zinazoitwa za korosho huwa na punje mbili tatu zilizobandikwa juu. Mimi hununua vipande, yaani korosho zilizovunjika wakati wa kubanguliwa, kwa shangazi mmoja wa mtaa wa pili ambaye hubangua kwa mkono na vidole vyake vina alama za mafuta makali ya ganda. Vipande vina bei ndogo kuliko korosho nzima, na kwa biskuti havina upungufu wowote. Jaribio la kwanza nilizitia zikiwa mbichi, na ladha haikusikika kabisa. Ilikuwa kama nimeongeza unga tu. La pili nilizisaga laini na kuondoa gramu 60 za unga wa ngano ili nizitie badala yake. Hapo biskuti zilitandaa hadi zikaungana, kwa sababu karibu nusu ya uzito wa korosho ni mafuta, na korosho haina gluteni ya kushikilia donge. La tatu ndilo nililokaa nalo: gramu 80 za vipande zilizokaangwa bila mafuta kwenye kikaango hadi ziwe na rangi ya asali, zikapoa kabisa, zikakatwakatwa kwa kisu ziwe kubwa kidogo kuliko punje ya mchele, kisha zikaingizwa mwishoni donge likiwa tayari. Kila ukiuma, siagi inamong'onyoka kwanza na korosho inabaki nyuma kidogo, ikikatika kwa mlio. Chumvi hapo naiongeza iwe nusu kijiko cha chai. Nimewapelekea wageni waliotoka Dar es Salaam na sahani imerudi tupu.

Nazi ilinifundisha kwa njia ya hasara. Nazi iliyokunwa kwa mbuzi ina maji mengi, na trei ya kwanza ilitoka na ugumu wa mkate uliolala. Mama mkwe wangu, ambaye ameishi Lindi maisha yake yote, alinitazama nikitupa chicha baada ya kukamua tui la samaki akaniambia, "Mwanangu, hicho unachotupa ndicho ulichokuwa unakitafuta." Alikuwa amesema kweli. Chicha haina maji mengi wala mafuta mengi. Nikiikausha taratibu kwenye kikaango hadi iwe na rangi ya kahawia, nachukua vijiko vinne vya mezani kwa kipimo changu cha unga, na biskuti hupata harufu ya kaimati za Ramadhani huku zikibaki kavu. Ninaiweka ya pili, na kuna watu nyumbani mwangu wanaoiweka ya kwanza.

Ufuta unaotoka Lindi nao unastahili sifa, ila unadai kazi ya maandalizi. Ufuta wa sokoni huwa na vumbi na mchanga, na chembe moja ya mchanga inatosha kuharibu starehe ya biskuti laini. Pepeta kwa ungo, osha, anika, kisha kaanga hadi zianze kuruka. Vijiko vitatu vya mezani vinatosha. Nilipotia vitano uchungu ulianza kusikika.

Iliki nilidhani itakuwa rahisi, na kweli ni rahisi, mradi uimenye na kuitwanga siku hiyohiyo na kuisugua pamoja na sukari kabla siagi haijaingia. Kwa chai ya rangi ya saa kumi jioni hakuna kinachoishinda. Tangawizi mbichi usiijaribu, kwa kuwa ina maji; ya unga inafaa, ila kidogo. Ganda la kijani la ndimu lililokunwa ni zuri sana, bila kufikia ile nyama nyeupe yenye uchungu.

Mabibo yaliyokaushwa, yaani matunda ya mkorosho, yalinishinda. Niliyatamani kwa sababu wakati wa msimu wa korosho mabibo mengi huozea shambani, na nilifikiri biskuti zingeweza kuyapa thamani. Ukakasi wake ulibaki ulimini hata baada ya kuyaloweka katika maji ya sukari usiku kucha, na kunata kwake kuliifanya biskuti iwe ya kutafuna. Bado sijakata tamaa, lakini kwa sasa siwezi kumshauri mtu apoteze siagi yake, ambayo ina bei.

Nirudi kwenye oveni na kasoro zake. Mlango haufungi sawasawa: upande wa kulia unabaki upenyo wa kupitisha kidole, na biskuti za upande huo hubaki nyeupe hadi nigeuze trei katikati ya muda. Kila ninapofungua, kipimajoto kinashuka kutoka 160 hadi 120 na huchukua dakika kadhaa kurudi, kwa hiyo kugeuza huko kunagharimu. Hakuna kioo cha kutazamia ndani. Sinia la juu halina mishikio, na kuliinua likiwa na makaa kunahitaji vitambaa viwili vizito na kuwaondoa watoto jikoni. Trei ya pili sijawahi kuitumia kwa biskuti, kwa kuwa inaizuia ya kwanza isipate joto la juu.

Jambo jingine linahusu hewa ya bahari zaidi kuliko jiko. Sukari huvuta unyevu, na biskuti zikiachwa kwenye sahani hapa Shangani hulegea kufikia asubuhi. Zikishapoa kabisa zitie kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kubana. Zangu za korosho zimekaa wiki mbili humo bila kubadilika, na zilizolegea nilizirudisha kwenye oveni iliyobaki na joto la mwisho la mkaa kwa dakika kumi, zikarudia ukavu wake.

Kwa anayeoka keki na mikate ya familia, ninaishauri oveni hii bila kusita kwa bei hiyo. Kwa anayetaka kuoka biskuti za siagi ili auze, ninamshauri ainunue akiwa na fedha ya ziada ya kipimajoto, na kabla ya kulipa amwombe fundi afunge mlango mbele yake, apitishe karatasi pembeni, na asikubali mpaka karatasi ikwame. Mimi nilirudi kwake wiki iliyopita na kasoro zangu zote. Alinisikiliza bila kukasirika, akaongeza bawaba ya tatu na komeo, akachomelea mishikio miwili kwenye sinia, na akanitoza shilingi 15,000. Jumamosi nimeoka trei ya chicha bila kuigeuza hata mara moja, na vipande vyote 24 vimetoka na rangi moja.