Mafungo ya siku nne Rungwe: tathmini baada ya miezi sita

Nimesubiri miezi sita kabla ya kuandika tathmini hii, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Mtu aliyetoka kwenye mafungo ya kiroho Jumapili hawezi kukueleza Jumatatu yake kama huduma ile ilimfaa, kwa sababu bado ana joto la nyimbo na la machozi ya wenzake. Joto hilo ni jema, lakini silo nililolilipia. Nililipa shilingi 85,000, chakula na malazi vikiwa ndani ya bei hiyo, katika nyumba ndogo ya mafungo iliyoko kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, kwa sababu tangazo lililosomwa kanisani kwetu lilisema kwamba huko mtu hupewa nafasi ya kumwachia Mungu ambadilishe kwa kina. Jina la nyumba silitaji, kwa kuwa wenyeji wake hawapendi kutangazwa; anayeihitaji amuulize mchungaji wake, maana wachungaji wengi wa ukanda huu wanaifahamu.

Nieleze kwanza nilivyokuwa, kwani bila hayo msomaji hatakuwa na kipimo. Niliokoka mwaka 1998 katika mkutano wa injili hapa Mbeya, ni mzee wa kanisa kwa mwaka wa 9 sasa, na ninauza vitenge na mashuka Mwanjelwa. Kwa miaka 11 sikuwa nimezungumza na mdogo wangu wa kiume, aliyeuza shamba la mpunga la marehemu baba kule Igurusi bila kutushirikisha sisi wengine. Kanisani hawakujua. Nilifunga na kuomba, niliongoza maombi ya akina mama kila Jumatano, na nilihudhuria semina nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nikitoka katika kila moja na azimio jipya la kuwa mpole, azimio ambalo lilidumu hadi siku mtu alipolitaja jina la mdogo wangu mbele yangu.

Safari yenyewe si ngumu. Kutoka mjini unapanda Kosta ya Tukuyu, unapita Uyole, unashuka Kiwira, kisha bodaboda inakupandisha kilimani. Vyumba ni safi na vya kawaida, vitanda viwili kila chumba, na maji ya moto huletwa kwa ndoo alfajiri. Mimi nilikwenda mwezi wa saba, na mwenye kuijua baridi ya Rungwe ya mwezi huo atanielewa nikisema kwamba blanketi moja tulilopewa halikutosha hata kidogo. Chakula kilikuwa kizuri: ndizi, maharage, mboga za majani, maziwa mgando, parachichi kila mlo, na chai ya huko huko. Simu hukusanywa mlangoni na kutiwa katika mifuko ya kitambaa yenye namba, na namba ya ofisini huachiwa familia kwa ajili ya dharura. Nilipinga utaratibu huo siku ya kwanza, na siku ya pili nikaushukuru.

Kilichonishangaza zaidi ni uchache wa mambo. Nilizoea semina ambazo mhubiri mmoja humpisha mwingine tangu asubuhi hadi usiku, vipaza sauti vikiwa vimefunguliwa hadi mwisho. Hapa tulisomewa mstari mmoja wa Maandiko asubuhi, tukakaa kimya kwa saa mbili, kila mtu mahali pake, na jioni kukawa na somo moja lisilozidi dakika 40. Basi. Kimya hicho kilinitesa sana mwanzoni, kwa kuwa niligundua kwamba maombi yangu ya miaka mingi yalikuwa maneno yasiyoacha nafasi ya kujibiwa.

Somo la jioni ya kwanza lilihusu neno moja tu la Warumi 12:2, neno "mgeuzwe". Mchungaji mstaafu aliyefundisha alituonyesha kwamba Paulo hakusema "mjigeuze". Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, na ndivyo kilivyo hata katika Kigiriki alichokitumia Paulo mwenyewe, na tena kimo katika hali ya tendo linaloendelea. Lakini papo hapo ni amri. Kwa hiyo tumeamriwa kutendewa. Kijana mmoja aliuliza mtu atawezaje kutii amri ya kutendewa, na mchungaji akajibu kwa mfano wa mgonjwa wa upasuaji, ambaye hajipasui mwenyewe, lakini ndiye anayetia sahihi ya kukubali, anayekaa na njaa tangu usiku kama alivyoagizwa, na anayelala mezani bila kumshika daktari mkono. Nilipolala usiku ule niliona wazi kwamba kwa miaka 11 nilikuwa nimejaribu kujipasua mwenyewe, tena mahali ambapo hapakuwa na ugonjwa.

Siku ya pili nilikutana na mlezi niliyepangiwa, mama mtu mzima, muuguzi mstaafu, aliyenisalimu "Ugonile, mama" nami nikamwitikia "Ndaga", ingawa mimi si Mnyakyusa. Aliniomba nisome kwa sauti, polepole, Sala ya Bwana kama ilivyoandikwa katika Mathayo 6. Nilipofika pale pasemapo "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu", alinisimamisha, akasema, "Mama, hapo umekimbia. Rudia." Nikarudia, nikakimbia tena. Alinisimamisha mara tatu, bila ukali wowote, na mara ya tatu sauti ilinikatika.

Katika ibada tumezoea kusema "makosa", neno ambalo masikioni mwangu lilikuwa limekwisha makali kwa kurudiwa kila Jumapili. Mathayo, hata hivyo, anasema deni, na deni mimi ninalijua kwa undani. Chini ya meza ya duka langu kuna daftari lenye majina, tarehe na kiasi, na mteja akilipa ninapiga mstari juu ya jina lake. Zipo kurasa nilizozipiga mstari bila kulipwa, kwa sababu mteja alifiwa au alihama, wala sikuumia. Nilimwambia mlezi kwamba niliwahi kumfutia mjane mmoja, ambaye hata simfahamu vizuri, shilingi 140,000, lakini shamba la Igurusi nimekuwa nikiliandika upya katika ukurasa mpya kila mwaka. Hakunihubiria. Alisema, "Basi usijilazimishe kuufuta leo. Mwonyeshe Mungu huo ukurasa, umwachie aushike yeye." Tukakaa kimya hadi kengele ikagonga. Zilikuwa dakika 30 tu, na kwa maoni yangu ndizo zilizobeba mafungo yote.

Jumamosi mchana tulitembezwa katika mashamba ya chai ya wakulima wadogo walio jirani, na tukasimama kwenye shamba lililokuwa limepogolewa karibuni. Asiyezoea angedhani limeungua, kwa kuwa kilichobaki kilikuwa vijiti vitupu vilivyokatwa chini ya kiuno. Mwenye shamba alitueleza kwamba mchai huhitaji kupogolewa kila baada ya miaka michache, la sivyo hurefuka ukawa mti na mchumaji hawezi tena kufikia majani machanga. Na kwamba baada ya kupogoa hupita miezi bila kuchuma na bila fedha, akiangalia vijiti tu. Niliporudi chumbani nilifungua Yohana 15 na kusoma kwamba tawi lisilozaa huondolewa, na "kila tawi lizaalo hulisafisha, ili lizidi kuzaa". Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi nikidhani kisu ni cha wenzangu waliolegea. Kumbe wanaosafishwa ni wale wanaozaa, na hilo lilinihusu mimi mwenye kitabu cha zamu za maombi mkononi.

Sasa niseme lililoniudhi, kwa sababu nalipenda jambo hili na sitaki liharibiwe. Asubuhi ya Jumapili tuligawiwa karatasi yenye sentensi ya kujaza, "Mungu amenibadilisha katika…", kisha tukaitwa mmoja mmoja kusimama na kushuhudia. Baada ya siku tatu za kufundishwa kwamba kazi hii ni ya Mungu na kwamba huendelea, tukatakiwa kutoa matokeo kabla ya chakula cha mchana. Kijana aliyekuwa ameuliza swali la kwanza hakuwa na la kusema. Alisimama, akatafuta maneno, akakaa akilia, na sidhani kwamba alilia kwa furaha. Ushuhuda wa kweli unajenga, nami nimelelewa ndani yake, lakini kumwomba mtu aonyeshe majani siku ile ile ya kupogolewa ni kumfundisha kusema uongo kwa upole. Niliwaambia wenyeji hivyo, nao walinisikiliza kwa heshima. Aidha, tuliahidiwa kupigiwa simu ndani ya mwezi mmoja ili kujuliana hali, na mimi nilipigiwa baada ya miezi mitatu. Kwa huduma inayodai kuhusu mabadiliko ya kina, muda wa baada ya mafungo ndio unaohitaji walezi zaidi.

Nyumbani hakuna kilichotokea wiki ya kwanza, wala ya pili. Wiki ya tatu shemeji alitaja Igurusi mezani na hasira ikapanda kama kawaida; tofauti ni kwamba sikuificha kwa Mungu. Nilikwenda chumbani nikamwambia, "Ukurasa ni huu, bado ninauandika." Nilisema hivyo mara nyingi, pengine kila siku, bila kuhisi chochote cha kusimulia. Mwishoni mwa mwezi wa nane, nikiwa ninafunga duka, nilimpigia mdogo wangu simu bila kuwa nimepanga. Mazungumzo hayakufika dakika mbili. Nilimuuliza habari za watoto, nikamwomba msamaha kwa kutopokea simu zake na kwa kutokwenda kwenye msiba wa mama mkwe wake. Yeye hakuniomba msamaha kwa ajili ya shamba, na shamba halitarudi. Niliposhusha simu nilitafuta ule uchungu niliouzoea, nikaukuta mdogo kuliko nilivyotarajia. Binti yangu ndiye aliyesema, wakati wa Krismasi, kwamba siku hizi ninaweza kusikia jina la mjomba wake bila kubadilika uso.

Kwa hiyo ninawashauri waende wale waliookoka zamani na kuzoea kuhudumu, ambao kuna ukurasa mmoja hawajawahi kumfungulia Bwana. Anayetafuta msisimko atachoka siku ya kwanza. Na yule anayeishi na kipigo nyumbani, au aliyedhulumiwa na dhuluma bado inaendelea, asipelekwe huko aambiwe asamehe. Huyo apate kwanza usalama na msaada wa watu wenye ujuzi, kwa maana walezi wa pale ni watu wa maombi, si wataalamu wa ushauri nasaha, na wao wenyewe hukiri hivyo. Nenda na blanketi lako, soksi nzito na daftari tupu, na uombe kupangiwa mlezi mapema, kwa kuwa tulikuwa watu 22 na walezi ni wawili.

Mafungo yanayofuata ni ya Kwaresma. Nimelipia nafasi mbili, na mdogo wangu bado hajanijibu.