Tathmini: Main Event ya World Series of Poker, na unachopata kwa dola 10,000

Ada ya Main Event, shindano kuu la poka katika World Series of Poker (WSOP), ni ile ile tangu 1972: dola 10,000. Kwa utaratibu wa miaka ya karibuni, dola 9,300 kati ya hizo huingia kwenye kapu la zawadi na 700 hubaki kwa waandaaji na wafanyakazi. Ukitolewa umetolewa, hakuna kulipa tena urudi.

Hasa hasa unanunua muda. Unapewa chipu 60,000, madau ya lazima, ambayo wachezaji wawili huweka kwa zamu kila mgao, yanaanza 100 (dau dogo) na 200 (dau kubwa), na kila ngazi, yaani kipindi kabla madau hayajapanda, ni saa mbili. Una mtaji wa madau makubwa 300. Meza za ana kwa ana hucheza migao 25 hadi 30 kwa saa, kwa hiyo utaona migao 50 au 60 kabla madau hayajapanda. Kwenye mashindano ya kila siku ya kasino ngazi huwa dakika 20 au 30, na mtu akikosa karata saa moja anabaki kusukuma chipu zote na kuomba heri. Hapa unaweza kutupa karata mbovu jioni nzima na bado ukawa mchezaji kamili. Kwa mpangilio huu tunaipa alama za juu kabisa.

Badiliko kubwa la kanuni ni ante, yaani mchango wa lazima unaowekwa mezani juu ya madau hayo mawili. Zamani kila mchezaji alitoa chipu yake kidogo kila mgao, na meza ilipoteza muda kutafuta nani hajatoa. Sasa mwenye zamu ya dau kubwa ndiye anayetoa ante kwa niaba ya wote: 200 ya dau na 200 ya ante. Mchezo umekuwa mwepesi, ila hesabu imebadilika. Mtu akipandisha hadi 500, mezani pana 1,000 (500, 100, 200 na ante 200), nawe kwenye dau kubwa unaongeza 300 tu. Unahitaji kushinda takriban asilimia 23 ya mara. Bila ante ingekuwa 27. Anayetupa karata pale kwa mazoea ya zamani anavuja chipu polepole bila kujua zinakwenda wapi.

Wapinzani nao si wale wa 2003, Chris Moneymaker alipowashinda wachezaji 838 na kuwa bingwa. Programu za kukokotoa mbinu, PioSolver na nyinginezo, zimefundisha kizazi kizima kubeti theluthi ya kilichopo mezani kwa karata nyingi, kisha kuja na dau linalozidi hata hicho kilichopo. Hata hivyo, katika umati uliofika 10,112 mwaka 2024, wapo wengi waliokuja kutimiza ndoto, na hao hawapendi kutupa karata. Kuwadanganya kwa kubeti chipu nyingi ukiwa na karata mbovu ni kupoteza mali. Ukiwa na jozi nzuri, wabetie, watalipa.

Kinachotuudhi ni usajili wa kuchelewa, unaoendelea hadi Siku ya Pili. Anayeingia wakati huo hupewa chipu 60,000 zile zile, lakini dau kubwa likifika 1,000 anabaki na mtaji wa madau makubwa 60 tu badala ya 300. Amelipa bei kamili kwa sehemu ndogo ya bidhaa. Ingia mwanzo.

Tangu 2022 shindano liko kwenye kasino za Horseshoe (zamani Bally's) na Paris, Las Vegas. Nje ni joto la Julai jangwani, ndani viyoyozi vinagandisha. Koti ni lazima. Programu ya simu ya WSOP+, iliyoanza 2024, imepunguza foleni ndefu za usajili. Fika siku moja kabla na pasipoti ili utambulisho wako uhakikiwe mapema.

Makosa ya mezani yanayogharimu wageni ni machache na yanajirudia. Ukirusha chipu moja ya 1,000 bila kusema neno mbele ya dau la mtu, hiyo ni kufuata (kulipa kiasi kile kile cha dau lake), si kupandisha. Ukitaka kupandisha, tamka kwanza. Usisogeze chipu kwa mafungu mawili. Mgao ukiendelea lugha ni Kiingereza pekee, hivyo Kiswahili na rafiki wa meza hiyo hiyo kisubiri. Usiku, hesabu chipu mara mbili, andika jumla kwenye mfuko wa plastiki, tia saini na utunze karatasi yako. Baada ya utata wa kompyuta mpakato iliyoonekana karibu na meza ya fainali ya 2024, kanuni za vifaa zilikazwa, kwa hiyo usiguse simu ukiwa na karata.

Wanaolipwa ni kama asilimia 15, na zawadi ya chini imekuwa dola 15,000. Faida ya 5,000 ni ndogo ukitoa tiketi ya ndege na hoteli. Tena Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo asilimia 30 hukatwa kabla hujapokea. Weka hilo kwenye bajeti. Ukisafiri na zaidi ya dola 10,000 taslimu, tangaza kwa forodha ya Marekani wakati wa kuingia na kutoka. Kutangaza hakutozwi kodi, ila kuficha kunaweza kukupotezea fedha zote.

Kama dola 10,000 ni nyingi, cheza mashindano ya kufuzu ya takriban dola 1,100 pale pale ukumbini: katika kila watu kumi hivi, mmoja hupata kiti.